Daftari la Dukani na Meza ya Bwana

Je, deni la kilo moja ya sukari ni jambo la kanisa? Wengi wetu tungejibu upesi kwamba si la kanisa. Tungesema hilo ni la mteja na mwenye duka, wataelewana wenyewe, na mimbari ina mambo mazito zaidi ya kushughulikia. Katika insha hii tunapenda kusema kinyume. Kwa watu wanaoishi mtaani kama sisi, daftari la madeni linalowekwa chini ya meza ya muuza duka ni mahali ambapo imani yetu husomwa na watu ambao hawajawahi kutusikia tukiimba.

Tuanze na mahali penyewe. Anayepita Mfaranyaki asubuhi ataona jinsi kata hii ya Manispaa ya Songea inavyolishwa. Hatulishwi na duka moja kubwa. Tunalishwa na maduka madogo ya rejareja yenye madirisha ya nondo, magenge ya nyanya, vitunguu na mchicha, meza za dagaa wa Nyasa wanaouzwa kwa fungu, mama lishe wenye sufuria tatu na mabenchi mawili, na vibanda vya chipsi vinavyowasha moto jioni. Katika baridi ya Juni na Julai, mwenye mgahawa wa chai na chapati ameshapuliza moto wake wakati wengi wetu tungali ndani ya blanketi. Wenye shughuli hizi ni Wangoni, Wamatengo, Wandendeule na Wayao, na wengine wametoka Njombe, Makete na mbali zaidi. Wengi wao ni Wakatoliki, maana wamisionari wa Peramiho walianza kazi katika nchi hii tangu mwaka 1898. Wengine ni Waislamu, na baadhi ni washarika wenzetu.

Shughuli hizi ni ndogo kuliko zinavyoonekana. Anayeona rafu zimejaa hudhani mwenye duka ana pesa, kumbe rafu hiyo ndiyo pesa yake yote, na pengine sehemu yake ni mali ya muuzaji wa jumla anayesubiri kulipwa. Desemba 2018 Serikali ilipoanza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, ililenga wale ambao mauzo yao ghafi hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Tukikigawa kiasi hicho kwa siku 365 tunapata kama shilingi 11,000 kwa siku. Hayo ni mauzo, si faida. Ndani yake mna mkaa, mafuta, unga, nauli ya kwenda sokoni, kodi ya kibanda na chakula cha watoto wa mwenye biashara. Kwa mtu wa kiwango hicho, deni la shilingi 10,000 ni karibu kazi ya siku nzima.

Tuchukue mfano. Tuseme muuza duka amenunua kilo ya sukari kwa shilingi 2,700 na anaiuza kwa shilingi 3,000. Faida yake ni shilingi 300. Mteja mmoja akichukua kilo moja asilipe, mwenye duka atalazimika kuuza kilo tisa nyingine ili arudishe tu zile 2,700 alizopoteza. Kazi ya kilo tisa, kusimama, kupima, kufunga, kurudisha chenji, inafanywa bure ili kufidia kilo moja ambayo jirani aliichukua akisema ataleta kesho.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuwahukumu wanaokopa. Mkoa wa Ruvuma una msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Wengi wetu, ingawa tunaishi mjini, tunategemea shamba lililo nje ya mji. Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, pesa yote huingia kwenye mbegu, mbolea na vibarua. Januari watoto wanadai sare na madaftari. Februari na Machi mahindi yako shambani, mabichi, na debe la mwisho nyumbani limeshafika chini. Pesa itaonekana mahindi yakishavunwa, yakakauka na kuuzwa, na hapo ni Juni, Julai au baadaye. Hata mwenye mshahara anaijua tarehe 20 ya mwezi ilivyo. Katika miezi hiyo, neno linalowavusha watu wengi wa mtaa ni moja tu: "Niandikie."

Na wanaandikiwa. Hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie kidogo. Benki haimkopeshi mtu nusu lita ya mafuta ya taa. Chama cha kuweka na kukopa hakikai kikao kwa ajili ya robo kilo ya maharage. Anayekopesha vitu hivi, bila fomu, bila mdhamini na mara nyingi bila riba, ni mwenye duka na mama lishe. Anamkopesha mtu kwa sababu anamjua yeye, mama yake na nyumba anayotoka. Wazee wetu wanaokumbuka Operesheni Maduka ya mwaka 1976, maduka mengi ya watu binafsi yalipofungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika, na wanaokumbuka foleni za sukari na sabuni za mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanajua maana ya kununua mahali ambapo hakuna anayeweza kukuandikia. Hatusemi hivyo ili kuhukumu siasa ya wakati ule. Waliotoa amri ile walitaka kumlinda mlaji dhidi ya mwenye duka mnyonyaji, na nia hiyo si ya kudharauliwa. Lakini mtaa ulipopoteza duka lake, ulipoteza pia mtu aliyekuwa tayari kusubiri.

Mwaka 1524 Martin Luther alitoa kijitabu kuhusu biashara na riba. Alikasirishwa na kanuni ya wafanyabiashara wa siku zake kwamba mtu ana ruhusa ya kuuza mali yake kwa bei ya juu kadiri awezavyo. Alifundisha kwamba kuuza ni tendo linalomgusa jirani, kwa hiyo lina mpaka wake katika sheria na dhamiri. Katika kijitabu hicho hicho alitenganisha mambo ambayo sisi huyachanganya. Kuna kutoa bure. Kuna kukopesha bila kutegemea kurudishiwa, kama Bwana alivyoagiza katika Luka 6. Na kuna kununua na kuuza, ambako Luther alitaka kufanyike kwa pesa mkononi au mali kwa mali. Kumbe lile tangazo tunalolicheka dukani, kwamba leo ni pesa taslimu na kukopa ni kesho, Luther asingelicheka sana. Aliona jinsi biashara ya ahadi inavyoangusha watu.

Tofauti hiyo inatusaidia kuona kinachotokea dirishani. Mtu anapofika na shilingi 3,000 akachukua kilo yake, huyo ni mteja na yule ni muuzaji, na hakuna anayemfadhili mwenzake. Lakini anaposema "niandikie", dakika ile biashara imesimama. Yeye si mnunuzi tena, ni mhitaji anayeomba. Na mwenye duka si muuzaji tena, ni mtu anayetoa kilicho chake akiamini neno la jirani. Tendo hilo ni la huruma. Tungelisifu kama lingefanywa na idara ya diakonia, tungeliweka kwenye taarifa ya mwaka, tungelipigia makofi. Kwa kuwa linafanywa na mama mwenye kanga kiunoni na kalamu ya wino iliyofungwa kwa uzi, tunaliita biashara, na kwa kuliita biashara tunajiona huru kulicheleweshea malipo.

Wapo watakaosema kwamba mwenye duka naye ana faida yake: anakopesha ili asimpoteze mteja. Ni kweli, na hatuna haja ya kumfanya malaika. Anayekopesha hupata wateja, na jirani anayedaiwa dukani kwake haendi kununua kwingine. Lakini hata hilo linageuka. Deni likikaa miezi miwili, mdaiwa huanza kuona aibu. Anabadili njia. Anapita nyuma ya nyumba, anamtuma mtoto duka la mbali, na pesa taslimu aliyonayo anaipeleka kwa mtu ambaye hamdai. Mwenye duka aliyemhurumia amepoteza mali na mteja kwa pamoja, na yule wa mbali ambaye hakumsaidia ndiye anayekula faida. Watu wa mtaani wana usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaweza kuongeza kwamba mali nyingine hupotea ikiwa na habari zote, jina, tarehe na kiasi, kwa sababu mwenye jina hapiti tena.

Kisha fuata deni hilo uone linakokwenda. Mtaji ukikatika, mama lishe hawezi kununua mchele wa kesho. Sufuria haiwezi kukaa bila moto, maana kesho ndiyo itakayolipa kodi ya kibanda. Anakwenda kwa wanaokopesha haraka, mikopo ambayo Watanzania wameipa jina lisilohitaji maelezo: kausha damu. Nchi yetu ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyotungwa kuweka utaratibu katika ukopeshaji wa namna hii, lakini mtu mwenye njaa ya mtaji hasomi sheria kwanza. Anachukua, na rejesho la kila wiki linaanza. Akishindwa, televisheni, friji au godoro linabebwa. Wale waliokula wali na maharage kwa daftari hawaonekani katika picha hiyo. Kila mmoja anadaiwa elfu mbili, elfu tatu, na kila mmoja anajiambia kwamba kiasi chake ni kidogo. Ni kweli kuwa ni kidogo. Kimekusanyika kwa mtu mmoja.

Hapo ndipo Amri ya Saba inapotufikia. Katika Katekismo Kubwa ya mwaka 1529 Luther anaeleza kwamba wizi si kuvunja sanduku la mtu tu. Anautafuta sokoni, katika maduka ya vyakula, kwenye mabucha, kwenye vilabu vya mvinyo na bia, katika karakana, popote watu wanapopeana pesa kwa mali au kazi. Na katika Katekismo Ndogo ya mwaka huo huo, ambayo vijana wetu wa Kipaimara hujifunza kwa moyo, maelezo ya amri hii hayaishii kwenye kukataza. Yanatudai tumsaidie jirani ili mali na riziki yake ipate kuongezeka na kulindwa. Pima deni la dukani kwa kipimo hicho. Swali halitakuwa tu kama tumeiba. Litakuwa kama riziki ya yule mama imestawi kwa sababu sisi ni majirani zake, au imenyauka.

Katekismo hiyo hiyo, inapoeleza mkate wetu wa kila siku, inataja mambo mengi zaidi ya chakula: mavazi, nyumba, shamba, serikali njema, na karibu na mwisho, majirani waaminifu. Tunapoomba ombi hilo, tunaomba tupewe majirani wa kuaminika. Yule mama lishe naye, awe Mkatoliki au Mlutheri, huomba ombi hilo hilo. Jibu la sala yake ni nani, kama si sisi tunaokula kwake?

Sasa tuje kwenye jambo gumu zaidi, ambalo ni sadaka. Kila Jumapili tunaleta bahasha. Tunatoa ahadi ya ujenzi, tunatoa shukrani, na baada ya ibada tunakwenda kwenye mnada. Ni jambo zuri kuona kuku wa shilingi 15,000 akipandishwa hadi 30,000 kwa furaha, watu wakicheka, kazi ya Mungu ikisonga mbele. Lakini inawezekana kabisa kwamba aliyemshinda mwenzake kwa kuku yule anadaiwa shilingi 18,000 dukani, na mke wa mwenye duka amekaa benchi la nyuma yake akiangalia mkono unavyonyooshwa juu. Yeye atafikiri nini juu ya Mungu wetu?

Wengine hutetea kwamba cha Mungu ni cha kwanza, madeni ya wanadamu yatafuata. Hoja hiyo inasikika kuwa ya kiroho, na ndiyo maana inahitaji kujibiwa na Bwana mwenyewe. Katika Marko 7 aliwakemea watu waliotangaza mali yao kuwa wakfu kwa Mungu ili wasiwajibike kuwatunza wazazi. Katika Mathayo 5 alimwagiza mtu aliyekwisha kufika madhabahuni aiache sadaka yake pale pale, akapatane kwanza na ndugu mwenye neno juu yake, ndipo arudi kuitoa. Mungu hana haraka ya kupokea shilingi ambayo si yetu. Pesa tunayodaiwa imo mfukoni mwetu, lakini mwenyewe yuko Mfaranyaki anauza vitunguu. Tukiitia kwenye bahasha tumetoa sadaka ya mtu mwingine bila ruhusa yake, na baraka tunaitaka iandikwe kwa jina letu.

Hatusemi kwamba mwenye deni asitoe chochote hadi alipe senti ya mwisho. Mjane aliyetoa senti mbili hakuulizwa hesabu zake. Tunasema utaratibu wa moyo uwe sawa: aliye na uwezo wa kulipa alipe, na kulipa huko akuhesabu kuwa sehemu ya ibada yake. Mithali 3 inamkataza mtu kumwambia jirani aende arudi kesho ilhali kitu anacho. Shilingi 5,000 iliyopelekwa dukani Jumamosi jioni ni maandalizi mazuri ya Meza ya Bwana kuliko suti iliyopigwa pasi.

Je, na yule ambaye kweli hana? Huyu yupo, na ni wengi kuliko tunavyodhani. Kuna mjane ambaye mazao yake yameharibika, kuna baba aliyeugua msimu wa kulima, kuna kijana wa bodaboda ambaye chombo kimechukuliwa. Kwa huyu tunasema kwanza kwamba kukosa si dhambi. Dhambi huanza pale tunapojificha. Katika 2 Wafalme 4, mjane wa mmoja wa wana wa manabii hakumkimbia aliyemdai. Alikwenda kwa Elisha akasema wazi hali yake, kwamba mdai anakuja kuwachukua watoto wake. Muujiza wa mafuta ulipokwisha, nabii hakumwambia ale ashibe. Alimwambia auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Tunapenda kuhubiri vyombo vilivyojaa, lakini muujiza ule ulimalizikia dukani, kwa mdai aliyelipwa. Asiye nacho na aende kwa mwenye duka kabla hajaitwa. Aseme, "Mama, sijasahau. Nina elfu moja leo, mahindi yakitoka nitamaliza." Elfu moja yenye sura ya mtu inaponya zaidi ya elfu kumi iliyoahidiwa na mtu anayepita nyuma ya nyumba.

Wenye maduka na migahawa walio washarika wetu nao wana neno lao la kusikia. Kumbukumbu la Torati 25 linakataza kuwa na vipimo viwili mfukoni, kikubwa cha kununulia na kidogo cha kuuzia. Kipimo cha mafuta kilichobonyezwa chini, mizani iliyolegezwa, unga uliochanganywa, deni lililoandikwa mara mbili kwa mtu asiyejua kusoma, hayo yote Mungu anayaona. Wala si haki kupandisha bei kwa siri kwa sababu tu mtu anakopa na hana pa kwenda. Na kuna ukatili mwingine usioonekana kwenye hesabu: kubandika majina ya wadaiwa ukutani, au kumtajia mtoto deni la baba yake mbele ya wenzake. Mdai ana haki ya kudai, lakini mtoto aliyetumwa kiberiti hakukopa kitu.

Tunaulizwa pia kama mfanyabiashara Mkristo ana ruhusa ya kukataa kukopesha. Tunajibu kwamba anayo. Mtaji wake ni chakula cha watoto wake, na mtu anayekopesha hadi duka linakufa amewanyima hata wale ambao angewasaidia mwakani. Akatae kwa upole, bila kumdhalilisha aliyeomba. Au akopeshe kiasi ambacho hata kisiporudi halitamwangusha wala kumfanya achukie. Lakini tukimpa ruhusa hiyo, hatuwezi kuishia hapo, kwa sababu yule aliyekataliwa bado ana njaa, na sasa anarudi mikononi mwa nani?

Anarudi mikononi mwa kanisa. Hili ndilo jambo ambalo tungependa msomaji aondoke nalo. Huruma ya mtaa mzima imebebwa na daftari la mtu mmoja mwenye mauzo ya shilingi 11,000 kwa siku, na sisi tulio mamia tunamtazama akiibeba. Paulo alionyesha njia nyingine. Alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni, hakumwambia Filemoni asamehe tu hasara yake, kana kwamba kusamehe kwa mfuko wa mwingine ni kazi rahisi. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba kama Onesimo anadaiwa kitu, kihesabiwe juu yake yeye Paulo, na yeye atalipa. Huyu ni mtume aliyekuwa kifungoni, anaomba jina lake liandikwe kwenye daftari badala ya jina la mtumwa.

Usharika unaweza kufanya hivyo bila makelele. Wazee wa kanisa wanawajua wajane na wagonjwa wa maeneo yao. Badala ya kila mara kumpelekea mhitaji mfuko wa unga ulionunuliwa mbali, fungu la diakonia linaweza kwenda dukani kwa jirani yake na kupunguza deni lake. Shilingi hiyo moja inafanya kazi mbili: mhitaji anapata tena uso wa kusimama dirishani, na mwenye duka anapata mtaji wa kesho, hata kama yeye huswali Ijumaa. Vilevile, tunapoagiza chakula cha semina, cha kwaya wageni au cha mkutano wa wanawake, tuagize kwa mama lishe wa mtaani na tumlipe siku hiyo hiyo, sufuria zikiwa bado zina joto. Walawi 19 inakataza ujira wa kibarua kulala kwetu hadi asubuhi. Haikuweka nafasi kwa ajili ya taasisi za dini zinazosubiri kikao cha kamati ya fedha.

Kuna anayeweza kuuliza kama haya yote hayaturudishi kwenye kutafuta wokovu kwa matendo, sisi ambao tumefundishwa kuhesabiwa haki kwa imani peke yake. Tunajibu kwa daftari lenyewe. Katika Wakolosai 2, Paulo anasema Kristo ameifuta hati iliyotushitaki, akaigongomea msalabani. Neno la Kiyunani alilotumia lilikuwa jina la hati ya deni iliyoandikwa kwa mkono, daftari la wakati ule. Deni letu kwa Mungu limefutwa na aliyelilipa, nasi hatukuchangia hata shilingi. Lakini Mungu alilisamehe lililokuwa lake. Hakutupa sisi ruhusa ya kujisamehe la mama muuza maandazi. Aliyefutiwa deni asiloweza kulilipa ana moyo mwepesi wa kulipa lile analoliweza, maana hana tena haja ya kujificha. Na katika Sala ya Bwana kama ilivyo katika Mathayo 6, Biblia yetu ya Kiswahili haikutafuta neno la juu. Imetumia deni na wadeni, maneno yale yale yanayosikika dirishani jioni.

Watu husema kukopa harusi, kulipa matanga. Hakuna sababu ya kulipa kuwe matanga kwa watu waliosamehewa. Kabla ya Jumapili ijayo ya Chakula cha Bwana, kila mmoja wetu apite mahali pamoja ambapo jina lake limeandikwa. Mwenye kiasi chote alipe chote. Mwenye nusu alipe nusu. Asiye na kitu aende na uso wake, aseme ukweli, akubaliane siku. Na mwenye ziada aulize kwa sauti ya chini kama kuna jina la jirani lililokaa muda mrefu kwenye kurasa zile, kisha afanye kama Paulo alivyofanya. Mwenye duka atachukua kalamu yake iliyofungwa kwa uzi na kupiga mstari juu ya jina.

Bwana atupe mkate wetu wa kila siku, na pamoja nao atufanye kuwa majirani waaminifu kwa wale wanaoupika na kuuuza.